Laptop ya Ofisi Meza Kuu

Jamani, ile klipu inayozunguka kwenye magrupu ya Dodoma, jamaa kavishwa kitenge anavutana laptop na shangazi wa watu mbele ya meza kuu: ndiyo, ni mimi. Aliyeirusha ni rafiki yangu kabisa, tena kaandika juu yake "mgeni kaja kuiba zawadi". Naomba nisikilizwe kabla sijahama mkoa.

Wenzangu wa IT mtanielewa. Mfumo wa mishahara uligoma Jumamosi mchana, na mishahara inatakiwa kutoka Jumatatu. Ukatema namba ya kosa basi, kimya. Nikagugo. Kila ninapofungua ni yale yale: mtu kauliza miaka hiyo kosa hilo hilo, mwenzake kamjibu "soma noti namba fulani kwenye tovuti ya msaada", muulizaji kashukuru, kaenda zake. Hakuna aliyeandika hiyo noti inasema nini! Ukiifungua yenyewe, unaona kichwa cha habari, unaona shida yako imeelezwa neno kwa neno, halafu ukifika penye suluhisho unaambiwa uingie kwanza kwa akaunti yenye mkataba wa msaada ulio hai. Programu tumenunua, hela imeenda, maelezo ya jinsi ya kuitibu hatuonyeshwi. Na mimi huyu huyu mwongozo wote wa PostgreSQL, programu ya bure ya kutunza data, kurasa zaidi ya 2,000, nausoma bure ndani ya bajaji bila kuulizwa mimi mtoto wa nani.

(Tulieni, harusi inakuja.)

Akaunti tunayo, nywila ninayo. Ila ukiingia, namba ya kuthibitisha inatumwa kwenye simu ya kaka aliyekuwa kwenye kiti changu kabla hajapata kazi Mtumba, Mji wa Serikali. Nampigia, inaita tu. Dada mhasibu akanitazama kwa huruma: "We naye, mwenzio anaoa leo."

Boda. Laptop kifuani, upepo ule wa kwetu unanimwagia vumbi njia nzima, nikashuka ukumbini Kisasa nimepauka mpaka kope. Mlangoni wanataka kadi. Nikasema natoka ofisini kwa bwana harusi. Mama wa kamati akaiona laptop, uso ukachanua, kabla sijamaliza maelezo keshaniingiza kwenye mstari wa zawadi.

Mstari wenyewe unacheza. Mbele yangu mama kabeba jiko la gesi kichwani, nyuma wadada na seti ya sufuria. Hatua moja mbele, mbili nyuma. Msinicheke, ningefanyaje? Nikacheza. MC akaniona. "Mbukwenyiii! Ofisi hiyoooo! Ofisi imeleta LAPTOP!" Vigelegele. Shangazi wa bibi harusi akanivisha kitenge, akaipokea laptop kwa mikono miwili, akaipa busu, akaifungua ili watu waione. Mpiga video akasogea. Na hapo, watu wangu, kwenye skrini kubwa nyuma ya maharusi, ukatokea ule ukurasa mweupe wenye maandishi mekundu.

MC akausoma kwa Kiswahili ili na wazee wapate. Taratibu. "Huna... ruhusa."

Muziki ukazimwa. Mjomba wa bibi harusi, ambaye nasikia hakuridhika na posa tangu mwanzo, akainuka na kufunga kifungo cha koti. "Nani hana ruhusa?"

Bwana harusi aliutambua ukurasa ule hata bila kusoma. Naye ulimtesa miaka. Akafunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Bibi harusi alidhani analia.

Nikapewa maiki. Sauti ikanitoka nyembamba: "Shikamooni wazazi wangu. Samahani, hii si zawadi. Ni ya ofisi. Nimefuata namba kwenye simu ya bwana harusi." Katibu wa kamati akaniangalia juu ya miwani: "Mbona tumeshaiandika, baba?" Shangazi naye haachii. Hapo ndipo ile klipu inapoanzia, na niseme wazi: sikuwa navuta zawadi, nilikuwa navuta ajira yangu.

Mpambe akachomoa simu kwenye koti la bwana harusi. Namba imeshaisha muda. Nikaomba nyingine. MC akamnyang'anya simu, akaanza kuisoma kwenye maiki, tarakimu moja moja, na ukumbi mzima unaitikia. "Nne!" "NNEEE!" Mimi naandika, kitenge kinaniteleza machoni. Ukurasa ukafunguka. Mistari mitatu: tatizo linajulikana, limerekebishwa kwenye kiraka kipya (faili la kurekebisha programu), bofya hapa ukishushe.

Nikabofya. Akaunti yako haina ruhusa ya kushusha faili hili.

Kamera bado iko pale pale. Mjomba akasimama tena.

Basi. Waliotuuzia kule Dar walituma kiraka Jumatatu, mishahara ikatoka jioni, bosi hajaniuliza kitu na sipendi anavyonyamaza. Bahasha niliacha, ya elfu ishirini, ndiyo ilikuwa hela ya mafuta. Bwana harusi kaingia kwenye ile akaunti ya msaada, namba ya kuthibitisha sasa inakuja kwenye simu yangu. Jana kanitumia meseji: mke wangu anauliza, laptop inarudi lini?