Shangazi Alivyoagua Bustani Yangu

Shangazi yangu wa Tanga alifika kwetu hapa Maryland mwezi wa Julai, deilili zikiwa ndiyo zinapamba moto. Ua la deilili ni la siku moja: asubuhi limefunguka, jioni limenyauka, kesho zamu ya mwenzake kwenye ubua uleule. Msimu wenyewe mfupi. Mimi nilitaka ya pinki inayochanua tena na tena mpaka baridi iingie, basi nikawa naziozesha pinki zangu kwa Stella de Oro, kale kafupi ka njano kalikosajiliwa 1975, kasikojua kuchoka.

Ndoa hufungwa asubuhi, kabla joto halijaharibu chavua. Unachukua chavua ya bwana, unaipaka kwenye ncha ya kijiti kirefu cha bibi, kisha unafunga uzi ili baadaye ujue mimba ni ya nani. Nyumbani palikuwa na nyuzi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Na kwa usahaulifu wangu, huwa natajataja majina ya wazazi kwa sauti ya chini mpaka fundo likaze.

Sasa wewe ni mtu wa Tanga, umemaliza kuswali, unachungulia dirishani: binti wa kaka yako, kanga kifuani, kainama kwenye umande, ananong'ona huku akifunga mafundo. Rangi tatu za mganga!

Hakunisemesha. Alisubiri niende kazini.

Narudi, moshi umetanda mtaa mzima. Shangazi kakaa mbele ya jiko la kuchomea nyama, ubani unafuka, nyuzi zangu zote zinateketea pamoja na chumvi ya mawe, naye anasoma Ayatul Kursi. Jirani akachungulia juu ya uzio, kulikoni? Nikamwambia tunafukuza wadudu. Yeye wadudu walikuwa wanamtafunia mawaridi, akaomba kidogo.

Vitumba vya mbegu vilikomaa salama, mbegu nyeusi tele, ila baba hajulikani. Nikazipanda hivyo hivyo. Miaka ikapita, mche mmoja ukatoa pinki safi, na Septemba ukachanua tena! Fomu ya kusajili inauliza wazazi. Nikajaza baba hajulikani, nikamtumia Shangazi picha.

Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Umeona? Kwa nyuzi zile lisingetoka hata jani."