Muda wa mwanachuo ni chenji, kazi za Dodoma zinataka noti nzima

Mwezi uliopita nilikuwa msibani Kondoa. Baada ya maziko tumekaa chini ya turubai tunakunywa chai, baba yangu mdogo ambaye ni mwalimu mstaafu wa hesabu akaanzisha mada ya watoto wa chuo. Anasema hawa siku hizi wana vipindi viwili vitatu kwa siku, basi, muda unaobaki wanafanya nini kama sio simu? Sisi tulikuwa tunalima shamba la shule, tunachota maji, na darasani tunafaulu. Wazee wenzake wakaitikia, mmoja akaongeza kwamba mjukuu wake yuko mwaka wa pili na kila akimpigia saa nne asubuhi anamkuta kalala. Mimi kwa heshima ya msiba nikanyamaza, ila nimerudi nalo Dodoma na mpaka leo linanisumbua, kwa sababu kusema kweli baba mdogo hajakosea kila kitu.

Nina stesheneri ndogo huku Ng'ong'ona, ya kuprinti, kutoa kopi na kufunga ripoti, na wateja wangu karibu wote ni wanafunzi wa UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa hiyo hawa vijana nawaona asubuhi wakikimbilia kipindi na nawaona saa nne usiku wakigombania mashine maana asaimenti mwisho ni saa sita kamili. Pia nimewahi kuwaajiri, na nimewahi kuwafukuza, hilo nalo nitalisema.

Tuanze na hesabu maana ndo lugha ya baba mdogo. Mwongozo wa TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, unahesabu krediti moja kuwa masaa 10 ya kujifunza, na hayo ni yote kwa pamoja, lekcha, semina, maktaba, asaimenti, kujisomea na mtihani wenyewe. Mwanafunzi wa digrii anabeba krediti 120 kwa mwaka, ndo maana digrii ya miaka 3 inakuwa krediti 360. Sasa 120 mara 10 ni masaa 1,200 kwa mwaka, ukigawa kwa wiki 30 za kufundishwa, yaani semista mbili za wiki 15, unapata masaa 40 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa ya kawaida ya mfanyakazi yasizidi 45 kwa wiki. Kwa hiyo mwanachuo anayesoma kama ilivyopangwa na karani wa wizara pale Mtumba, kwenye mji wa serikali, wamepishana masaa yasiyozidi matano, na kwamba karani mwisho wa mwezi anapata meseji ya benki. Vile vipindi vitatu anavyoviona mzee ni sawa na kumhesabia mkulima wa zabibu zile siku za kuvuna tu, halafu useme huyu bwana mwaka mzima anafanya kazi wiki chache.

Ila hesabu ni msumeno, tuendelee nayo. Wiki ina masaa 168. Toa masaa 7 ya kulala kila siku, yanabaki 119. Toa 40 ya masomo, 79. Toa mengine manne kila siku ya kupika, kula, kufua, kuoga, kwenda na kurudi, na kusubiri maji (ya kusubiri maji usiyadharau, huu mji kwenye sensa ya 2012 ulikuwa na watu laki nne na ushee, sensa ya 2022 umevuka laki saba na nusu, na sehemu kubwa ya maji ni yale yale ya visima vya Mzakwe, kwa hiyo mgao ukifika na mtungi wako hauna kitu hata kufua soksi ni mradi). Yanabaki 51. Hamsini na moja! Baba mdogo angefika hapa angesimama kabisa kwenye kiti, maana masaa 51 ni zaidi ya wiki ya kazi ya mtu mzima, kijana anayapeleka wapi?

Hilo 51 nimekaa nalo siku nyingi aisee. Nimejaribu kulikanusha nimeshindwa. Unaweza kutoa ibada, unaweza kutoa kikundi cha asaimenti ambacho mnapanga kukutana saa kumi kwenye kimbweta (vile viti na meza za nje za kujisomea) mnakuja watu wawili kati ya nane na mnaanza kupigia wengine simu, unaweza kutoa foleni ya kusaini hiki na kile, bado yatabaki masaa 30 na kitu. Muda upo. Anayesema mwanachuo hana muda kabisa anadanganya.

Tatizo liko kwenye namna ulivyokatwakatwa. Nikupe Jumanne ya dogo mmoja wa mwaka wa pili aliyekuwa akifanya kazi kwangu. Kipindi saa 1 asubuhi mpaka saa 3. Kisha hana kitu mpaka saa 8 mchana, anaingia mpaka saa 10. Kisha semina saa 11 mpaka saa 12 jioni. Kwa hiyo mchana kati ana masaa matano na jioni ana lisaa limoja la kukaa chini ya mti. Jumatano kipindi saa 4 na kingine saa 10. Alhamisi asubuhi nzima hana, mchana wote amebanwa. Na hiyo ni ratiba ya kwanza, maana wiki ya tatu CR, yaani kiongozi wa darasa, anatuma meseji kwamba mwalimu kasafiri kipindi kimehamia Jumamosi. Ukijumlisha vipande vyote unapata 51 yako vizuri kabisa, ila kila kipande kinakuja kivyake, kama chenji. Mtu mwenye elfu hamsini ya sarafu za mia mia ana hela kweli, lakini ajaribu kukata nayo tiketi ya Mwanza uone konda atakavyomwangalia.

Na kazi za mji huu zinataka noti nzima. Saidia fundi kwenye haya majengo yanayoota kila kona Iyumbu anaingia asubuhi anatoka jioni, ukimwambia fundi nina kipindi saa nane anachukua mtu mwingine, wako kumi wamejipanga. Mgahawa unataka mtu wa kuanzia supu ya asubuhi mpaka kufunga. Duka la vifaa Majengo hivyo hivyo. Kwenye amri ya kima cha chini cha mshahara kuna hadi kiwango cha malipo kwa saa, kimeandikwa kabisa, lakini nitajie mtu mmoja hapa mjini anayelipa kibarua kwa saa. Hayupo. Mimi mwenyewe sikuwa nalipa kwa saa.

Ndo maana nikisikia mtu anasema mbona wenzetu Ulaya wanasoma na wanafanya kazi huwa nacheka kidogo. Uingereza mwanafunzi wa nje anayesoma digrii kwa viza anaruhusiwa masaa 20 kwa wiki wakati wa muhula, hazidishi, na masaa hayo 20 anauza kwa vipande, manne leo, matatu kesho, kila saa ina bei yake. Yaani kule chenji inapokelewa dukani. Huku kijana ana masaa mengi kuliko hayo 20 na hana pa kuyauzia.

Matokeo yake kazi zinazomtosha mwanachuo wa Dodoma ni zile anazojiajiri mwenyewe: kuuza viatu na pafyumu kwenye stetasi ya WhatsApp bila hata mzigo, yani ni winga tu, mtu wa kati anayeuza mzigo wa wengine, kusuka nywele chumbani, kukaanga chapati za kuuza hosteli, tuisheni kwa watoto wa watumishi kule Kisasa na Ilazo, bodaboda ya mkataba usiku. Hizi ukiziangalia kwa nje zote zinafanana na uvivu. Binti anayesuka wenzake utamkuta kitandani na redio, utasema anapiga stori. Anayeuza kwenye stetasi kashika simu kutwa, baba mdogo akimwona ndo ushahidi wake huo. Na simu ya mteja haijui lekcha, inaita katikati ya somo, asipopokea mteja kaenda kwa mwingine.

Mtu ataniuliza, sasa wana haja gani ya kufanya kazi na bumu, yaani hela ya mkopo, wanapewa? Haya. Hela ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ilikuwa 8,500 kwa siku, mwaka wa masomo 2022/2023 ikapanda kuwa 10,000, kwa siku 60 ni laki sita. Nashukuru ilipanda. Ila toa kodi ya geto, toa kopi (zangu zikiwemo), toa bando maana siku hizi hata nondo (notsi) za mwalimu zinakuja kwa simu, toa ile laki au elfu hamsini inayotumwa nyumbani kwa mama kimya kimya, hii watu hawaisemi ila sisi tunaokaa karibu na mawakala tunaijua, siku bumu likiingia foleni ya kutuma nyumbani haina tofauti na foleni ya kutoa. Wiki ya sita ukimwona mtu anakunywa chai na andazi moja saa kumi jioni jua hicho ni cha mchana na usiku kwa pamoja. Na hapo naongelea mwenye mkopo, kuna ambao hawakupata kabisa.

Na hayo masaa 10 ya krediti, mimi naona yanamfaa mwenye laptopu yake, meza yake na umeme. Wanaotumia laptopu moja watu wanne, kazi ya masaa mawili inakuwa ya masaa matano maana matatu ni ya kusubiri zamu. Nawaona kwangu, anakuja anaandika ripoti nzima kwenye kompyuta yangu kwa kulipia dakika huku jasho linamtoka.

Upande wa pili nao tuuseme bila kuuma maneno. Kuna vijana wana laptopu, wana hela ya nyumbani, hawauzi chochote, na bado yale masaa 40 ya masomo hawayagusi. Kubeti kumekula watu hapa Ng'ong'ona, nimeona bumu linaisha siku nne kwenye mkeka. Kuna anayemaliza tamthilia ya Kikorea yenye vipindi 16 kwa wikiendi moja halafu Jumatatu anakuja kwangu anaulizia kama nina madesa (notsi na maswali yaliyojibiwa) ya mwaka jana. Wiki nne za mwanzo wa semista kwa wengi ni likizo ya pili, na msuli, yaani kusoma kwa nguvu, unaanza test zikitangazwa. Hao mzee anawasema kwa haki. Anasema pia kuna likizo ndefu, kweli ipo, ingawa sehemu yake nzuri inaliwa na fildi (mafunzo kwa vitendo) ambako wengi wanafanya kazi ya watu bila posho. Na kuna wachache hodari wanaoendesha biashara kweli kweli na wanatoka na GPA kubwa, kwa hiyo haiwezekani kusema haiwezekani. Ila wengi wao ukichunguza wana kitu cha ziada, ndugu mwenye fremu, au pikipiki ya kaka.

Kinachoniuma zaidi ni msimu wa Bunge la bajeti. Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni mji unajaa, gesti zinajaa, kumbi zina semina kila siku, wanatafutwa wahudumu na wapokea wageni, na hapo ndo hela ya maana inapopatikana kwa kijana mchangamfu. Ni miezi hiyo hiyo test za semista ya pili zinapigwa, UE, mtihani wa mwisho wa semista, iko mlangoni. Binti mmoja mteja wangu alipata kazi ya kuhudumia ukumbini, siku sita mfululizo, hela iliyozidi nusu ya bumu. Test mbili zilimpita. Coursework ni 40, UE ni 60, aliingia UE na 13 kwenye somo moja akatoka na sapu, yaani kurudia mtihani. Ukimuuliza kama anajuta anasema hela ile ndo ilimlipia kodi, angekuwa anasomea wapi hiyo test bila chumba. Sikuwa na la kumjibu.

Niliyemfukuza mimi ni yule dogo wa Jumanne. Nilimchukua kwa siku nzima kama wengine wanavyofanya, akawa anatoroka saa nane, nikaona ananichezea, nikamwondoa. Baadaye nikaja kuiona ratiba yake kwa bahati, kaileta mwenzake kuprinti, nikaisoma yote ikiwa inatoka kwenye mashine. Nilimpigia simu kesho yake. Sasa hivi nina vijana watatu badala ya mmoja, nalipa kwa zamu ya masaa mawili, na nikisema ukweli inanigharimu kidogo zaidi na makosa ya chenji droo ya hela yameongezeka, kila mmoja anamsingizia wa zamu iliyopita. Ratiba zao tatu nimezibandika ukutani kwa selotepu juu ya mashine, nimepaka rangi saa ambazo kila mmoja yuko huru. Zinapishana vizuri wiki nzima kasoro Alhamisi saa nane mpaka saa kumi, wote watatu wako darasani, hapo nakaa mwenyewe.