Masika Yakiingia, Msiwarudishe Watu Makwao

Kila mwaka Aprili ikikaribia, wenye hoteli wa Pwani hufungua vitabu vya hesabu kutafuta pa kukata. Gharama ya umeme haikatiki sana, maana hata chumba kisicho na mgeni chataka kupigwa upepo kisiote ukungu. Leseni za kaunti na mkopo wa benki haviulizi kama jana umelaza mtu. Hubaki watu. Wa mkataba wa miezi mitatu huambiwa mkataba umekwisha, vibarua hawapigiwi tena simu, na wale wa kudumu hupewa likizo bila mshahara mpaka Julai. Tumelizoea jambo hili hata hatulijadili. "Msimu umekwisha," mtu hujibu akiulizwa mbona yuko nyumbani, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nasimamia hoteli ndogo ya kifahari katika Mji wa Kale wa Mombasa, ile aina yenye vyumba vichache kiasi kwamba mpishi aweza kukutajia kila mgeni alikula nini jana usiku. Nataka kubishana na desturi hii, na nisieleweke kuwa nabishana kwa huruma tu. Hoteli kubwa ya ufuoni yaweza kuwaacha watu wake Aprili, ikaajiri wengine Julai, na mgeni asijue lolote. Hoteli ya aina yetu ikifanya hivyo imetupa bidhaa yake yenyewe.

Desturi ilitoka huko kwenye hoteli kubwa. Kuanzia miaka ya 1970, fuo za Nyali, Bamburi, Shanzu na Diani zilijaa majengo yaliyotegemea ndege za kukodi, zilizoshusha Wajerumani, Waingereza na Waitaliano kwa mamia. Mgeni alilipia kila kitu akiwa kwao, akatua uwanja wa ndege wa Moi, akapandishwa basi, akakaa wiki mbili akila bufee. Kazi ilikatwakatwa vipande ambavyo mtu angeweza kufundishwa kwa siku chache: huyu atandike, huyu abebe sahani, huyu asimame kwenye baa ya bwawa. Ndege zikipungua, watu wanapunguzwa. Kulikuwa na mantiki yake.

Halafu yakaja mapigo. Vurugu za Likoni mwaka 1997. Bomu la Kikambala Novemba 2002. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Mei 2014 Uingereza ikawaonya raia wake wasije Mombasa isipokuwa kwa lazima, na kampuni za utalii zikawarudisha kwao wageni waliokuwa tayari wamelala ufuoni. Mwaka 2020 korona ikafunga kila kitu. Mwenye hoteli aliyepita katika hayo yote na bado mlango wake uko wazi amejifunza jambo moja, kwamba mshahara ndio gharama inayokatika haraka kuliko zote. Simlaumu. Ila hayo aliyajifunza kwenye dharura, na masika si dharura. Masika huja kila mwaka na miezi yake twaijua.

Tuulizane basi sisi wa vyumba vichache twauza nini. Kitanda cha samadari hununuliwa. Mlango wa nakshi fundi atakuchongea, mradi una subira na pesa. Picha za kamera za kuruka kila mtu anazo, na hoteli tano zenye dari za boriti na vyandarua vyeupe hufanana kabisa ukizitazama kwenye simu. Mgeni wetu hulipa shilingi 25,000 au zaidi kwa usiku mmoja, ilhali mtaa wa pili kuna kitanda safi cha 4,000. Hiyo 21,000 ya katikati haimo kwenye godoro.

Chukua mashuka. Fahari ya hoteli ndogo huanza na shuka jeupe, na Mombasa ni mji mgumu kwa shuka jeupe. Maji ya mfereji yatoka mbali, Mzima na Baricho, hayatoshi na huja kwa mgao. Visima vya kisiwani vina chumvi. Boza, lori la kuuza maji, likija hujui limechota wapi. Mama wetu wa dobi ana njia yake: kabla boza halijamwaga chochote kwenye tangi, huchota kikombe, husugua kipande cha sabuni ya mche kiganjani, kisha hutazama povu. Povu likigoma kufura na kuacha utando wa kunata, humwambia dereva asubiri. "Mwanangu, haya si ya juzi," aliniambia safari moja, na dereva akaapa kwa Mola kwamba amechota palepale pa siku zote. Nikampigia simu mwenye boza. Akababaika kidogo, kisha akakiri pampu yake imeharibika na wamechota kisimani.

Mashuka yakifuliwa kwa maji ya namna hiyo kwa mwezi mmoja hugeuka kijivu, hukakamaa, na hakuna dawa ya kung'arisha itakayoyarudisha. Ukijua bei ya seti moja ya pamba nzuri, utajua kiganja cha yule mama kimeokoa kiasi gani. Mtihani wa povu haumo kwenye mwongozo wowote wa kazi, wala mimi sikumfundisha. Ukimrudisha kwake Kisauni miezi mitatu, kibarua atakayeshika nafasi yake ataona maji ni maji.

Au chukua bahari. Tunao wageni wanaopenda chakula cha jioni kwenye mashua. Mfumo wa kupokea maombi kwenye kompyuta, ulioundwa na watu wasioijua bandari yetu ya kale, huiuza safari hiyo saa kumi na mbili jioni kila siku ya Mungu. Lakini wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kuna jioni ambazo mashua ikirudi usiku haiwezi kuikaribia ngazi yetu bila kumtembeza mgeni kwenye matope na miamba, naye amevaa viatu vya ngozi. Nahodha wetu hatazami kompyuta. Hutazama mwezi uko siku ya ngapi, huja mapokezi Jumatatu na kuwaambia vijana: Alhamisi msiuze jioni, uzeni alfajiri. Mgeni hupelekwa alfajiri, hulirudia jengo jua likilipiga usoni, na huandika kwao kwamba sisi ni mabingwa wa kupanga mambo. Sifa hiyo ni ya mtu ambaye hoteli nyingi zingemlipa kwa siku, na Mei zisingemlipa kabisa.

Nitaje na bawabu, mzee wa langoni. Mji wa Kale una misikiti kila upande, na huo wa Mandhry hutajwa kuwa wa mwaka 1570 au karibu na hapo. Adhana ya alfajiri haina kitufe cha kupunguza. Hoteli nyingine huweka vizibo vya masikio mezani na karatasi ya kuomba radhi, jambo ambalo hunikera, maana radhi ya nini? Mzee wetu humweleza mgeni jioni, akimfungulia mlango, kwamba kesho ataamshwa, na kwamba akipenda apande darini asikilize sauti zinavyopishana msikiti kwa msikiti. Wengi hupanda. Malalamiko tuliyokuwa tukipata yamekwisha. Mambo haya yataka mtu mwenye umri, mwenye mji, na mwenye uhakika kuwa mwezi ujao bado ana kazi. Mtu anayesubiri kuachishwa hazungumzi na mgeni, husema "karibu" na "asante" na kutazama saa.

Sasa hesabu. Mgeni akija kupitia tovuti za kuweka vyumba, zao ni kamisheni inayozunguka asilimia 15, na mara nyingine zaidi. Mgeni wa usiku tano kwa bei niliyotaja hulipa 125,000, na 18,750 huenda ng'ambo kabla hajaonja hata hamri moja. Kiasi hicho hakiko mbali na mshahara wa mwezi wa mtu wa vyumba katika hoteli nyingi za mji huu. Mgeni anayerudi hutupigia simu mwenyewe, na anarudi kwa sababu ya watu. Yupo bibi mmoja wa Uswisi anayeuliza kwanza kama mhudumu fulani bado yupo, kabla hajauliza bei. Yule mhudumu anajua kuwa moshi wa udi humbana kifua, kwa hivyo chumba chake hakifukizwi, huwekewa asumini kwenye kisahani. Jibu likiwa "hayupo, msimu umekwisha", nafikiri bibi yule angeitafuta Lamu au Zanzibar, ambako hoteli za aina yetu ni nyingi na nzuri.

Kuna na sheria, ingawa sipendi kuiinua juu kama rungu. Sheria ya Ajira ya 2007 husema kibarua akifanya kazi mfululizo hata siku zikajumlika mwezi mzima, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, na haki zake humfuata. Wengi wa wale "vibarua" wetu wa Pwani wamefanya kazi miaka. Kila mtu kwenye biashara hii anajua, na kila mtu anaomba hao vibarua wasijue.

Mwenye hoteli atauliza, na ana haki: pesa za Mei zitoke wapi? Zitoke Agosti na Desemba. Hoteli inayojaa wakati wa Krismasi kwa bei ya juu ikatumia yote Januari, kisha ikalia Aprili, ina tatizo la akiba, tena la mwenyewe. Kutenga sehemu ya mapato ya kila usiku wa msimu wa juu kwa ajili ya mishahara ya masika ni kazi ya mhasibu ya dakika chache. Ugumu uko kwenye nidhamu ya kutoigusa pesa hiyo mtu akitaka kubadilisha gari.

Pia, masika si matupu kama tunavyojitisha. Likizo ya mwaka yenye malipo, siku 21 za kazi kwa sheria hiyohiyo, kila mtu anadaiwa. Basi ipangwe Mei kwa zamu, badala ya watu kuigombania Desemba. Mvua yenyewe ndiyo ikuonyeshayo paa linavuja wapi na ukuta upi unanyonya maji. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Aliyezipiga saruji na rangi ya plastiki amefungia unyevu na chumvi ndani, na plasta itambambuka apende asipende. Fundi na vijana wawili wa vyumba wanaoujua kila ukuta hubaini mengi katika wiki moja ya mvua kuliko mkaguzi wa kulipwa.

Na Wakenya wapo. Tangu treni ya SGR ianze 2017, familia za Nairobi hushuka stesheni ya Miritini Pasaka na likizo ya shule ya Aprili, mvua au jua. Maharusi wa hapahapa wanatafuta pa kukaa fungate bila kuvuka bahari. Wageni hawa tumewapuuza kwa ujinga, tukiwapa uso wa baridi mapokezini kana kwamba shilingi si pesa, halafu tunashangaa wakienda Diani. Bei ya masika ikishuka kwa kiasi cha haki, vyumba havitajaa, lakini havitalala giza.

Kidogo juu yetu sisi mameneja. Desturi hii inatufaa pia, tuseme ukweli. Watu wa muda hawabishani, hawakumbuki ahadi ya mwaka jana, hawajui kwamba ratiba ya Idi ilivurugika kwa sababu meneja aliipanga kwa kalenda wakati mwezi haujaandama. Mtu aliyekaa miaka kumi atakwambia "meneja, hapa hatufanyi hivyo", mbele za watu. Nimeona wenzangu, wengine wametoka na vyeti vizuri Chuo cha Utalii, wengine wameletwa kutoka Ulaya, wakiwaondoa wazee wa kazi ili wapumue. Walipumua. Baada ya mwaka walikuwa wakieleza wenye hoteli kwa nini wageni wa zamani hawaandiki tena.

Kwetu, baada ya mabishano marefu, mwenye hoteli amekubali kujaribu masika haya bila kumrudisha mtu, kwa masharti mawili. La kwanza, akiba ikikatika kabla ya Juni, mshahara wangu ndio utakaocheleweshwa kwanza. La pili, nimletee kila mwisho wa mwezi orodha ya wageni waliorudi, na nani aliwaleta, kwa majina ya wafanyakazi. Nimekubali yote mawili. Hilo la pili ningelilipia pesa yangu aliweke.