Nia ya Kutumia Si Matumizi

Fungua jarida lolote la mifumo ya habari na biashara, chagua toleo lolote la miaka ya karibuni, na makala hiyo utaikuta. Kichwa chake hakijifichi: mambo yanayochangia kupokelewa kwa teknolojia fulani miongoni mwa watu fulani. Teknolojia hubadilika kila baada ya miaka michache. Ilikuwa barua pepe, ikaja biashara ya mtandaoni, yakafuata malipo ya simu na hifadhi ya wingu, na leo ni akili unde. Watu nao hubadilika: wahasibu, wauguzi, wenye biashara ndogo, wanafunzi wa chuo. Ila kiunzi kimebaki kile kile. Dodoso, ngazi tano kuanzia "sikubaliani kabisa" hadi "nakubaliana kabisa", mchoro wa visanduku (mambo yanayopimwa) vilivyounganishwa kwa mishale (lipi linaathiri lipi), halafu hitimisho kwamba watu wana nia ya kutumia kitu wanachoamini kitawafaa.

Kwani nani alikuwa na shaka?

Makala hizi nazisoma kwa sababu ya kazi, na baadhi naletewa nizihakiki kabla hazijachapishwa. Ninachoamini ni kwamba utafiti wa kupokelewa kwa teknolojia kwenye biashara umekwama, na kilichoukwamisha ni namna tunavyochapisha. Majarida, vyuo na sisi wahakiki tumechonga njia ambayo dodoso la nia linapita kwa ulaini, huku utafiti wa matumizi halisi ukigota ukutani.

Aliyeanzisha tumtendee haki. Fred Davis alipokuwa akiandika tasnifu yake katika chuo cha MIT, Marekani, katikati ya miaka ya 1980, swali lilikuwa la moto: kampuni zinatumbukiza fedha kwenye kompyuta, wafanyakazi hawazigusi, tatizo nini? Mwaka 1989 akachapisha jibu lake kwenye jarida la MIS Quarterly. Alikuwa na watu 152 na programu nne. Sehemu kubwa ya watu hao walikuwa wafanyakazi wa maabara ya IBM mjini Toronto, na programu mbili walizoulizwa wao zilikuwa ya barua pepe na ya kuhariri mafaili. Akatoa vipimo viwili, yaani manufaa anayoyaona mtumiaji na urahisi anaouona, na akaonyesha kwamba manufaa yana uzito kuliko urahisi. Mtu atavumilia mfumo mgumu kama unamfanyia kazi anayoihitaji. Mfumo usio na kazi hautaokolewa na urahisi wake. Ilikuwa hoja ya maana kwa wakati wake, na hadi leo watengenezaji wa programu wengi wangefaidika wakiisikia.

Kuna jambo moja ambalo wanaomnukuu Davis hulipita haraka haraka. Matumizi aliyoyapima yalikuwa ya watu kujisemea: natumia kiasi hiki, au nadhani nitatumia kiasi hiki. Hakuna aliyekwenda kuangalia kompyuta yenyewe inasemaje.

Tangu hapo tumekuwa tukiongeza visanduku. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake, Davis akiwa mmojawapo, waliunganisha modeli nane za aina hii, ile ya Davis ikiwemo, kuwa moja na kuripoti kwamba inaeleza karibu asilimia 70 ya tofauti za nia kati ya mtu na mtu. Asilimia 70 katika sayansi ya jamii si haba, na nadhani namba hiyo ndiyo iliyotulevya. Nia ikawa ndiyo kilele. Anayetaka kuchapisha anachukua modeli, anabandika kisanduku kipya (imani, hofu, raha, shinikizo la wenzake), anatafuta watu wa kundi ambalo halijaguswa bado, anakusanya majibu, anaondoka na makala.

Onyo lilishatolewa, tena na watu wa ndani. Mwaka 2007 Izak Benbasat na Henri Barki waliandika waziwazi, katika Journal of the Association for Information Systems, kwamba modeli ya Davis imewatoa watafiti kwenye mambo ya msingi, kama vile mfumo wenyewe umeundwaje na nini hasa kinaufanya uonekane wa manufaa. Katika jarida hilo hilo Richard Bagozzi, ambaye mwaka 1989 aliandika pamoja na Davis, alihoji daraja dhaifu lililopo kati ya kunuia na kutenda. Makala zote mbili zimenukuliwa maelfu ya mara. Mara nyingi zimenukuliwa katika aya ya pili ya makala inayofanya kile kile zilichokikemea.

Dodoso halioni nini? Niliwahi kukaa pembeni ya mhasibu akifanya kazi, katika kampuni iliyokuwa imenunua mfumo mkubwa wa hesabu. Ankara ikiingia asubuhi, hakuipeleka kwenye mfumo. Aliiandika kwenye Excel yake, yenye rangi alizozijua mwenyewe: njano bado haijalipwa, nyekundu ina ubishi. Kisa? Mfumo ulikataa kuhifadhi ankara yoyote isiyo na namba ya oda, na nusu ya manunuzi ya ofisi ile yaliagizwa kwa simu, mtu akimwambia mtu "niletee kama ya juzi". Basi mwisho wa mwezi ukifika, mhasibu alikaa jioni nzima akitengeneza oda za manunuzi yaliyokwisha kufanyika, akizipa tarehe za nyuma, kisha akaingiza ankara zote kwa mkupuo. Meneja alipofungua ripoti aliona kampuni yenye nidhamu ya ajabu, kila kilichonunuliwa kina oda yake.

Sasa mpe mhasibu huyo dodoso. "Natumia mfumo huu mara kwa mara." Atatia alama kwenye nne, pengine tano, na hatakuwa amedanganya, maana kila siku anaingia humo, hata kama ni kuangalia siku zake za likizo. "Mfumo huu una manufaa katika kazi yangu." Nne. "Nina nia ya kuendelea kuutumia." Tano, kwa kuwa mkurugenzi ameshaulipia na hakuna njia nyingine. Mtafiti anaondoka akiwa ameridhika kwamba mfumo umepokelewa vizuri. Ukweli wote wa ofisi ile ulikuwa kwenye safu mbili za kumbukumbu za mfumo: tarehe iliyoandikwa kwenye ankara na tarehe ambayo ankara iliingizwa. Ukiziweka safu hizo bega kwa bega, unaona kazi ya mwezi mzima imerundikana kwenye jioni moja.

Hili la hiari linanikera kuliko yote. Modeli ya nia inamhitaji mtu mwenye uchaguzi. Mteja wa duka la mtandaoni ana uchaguzi. Mfanyakazi ambaye kampuni yake imeshahamia mfumo mpya hana, na biashara nyingi ndivyo zinavyopata mifumo: wakubwa wanaamua, wadogo wanajulishwa. Ukimuuliza mtu wa namna hiyo kuhusu nia yake, unapima adabu. Swali lenye uhai ni anautumiaje: wote au kipande, kama ulivyokusudiwa au kwa njia za panya. Zipo modeli za ngazi ya kampuni, kama ile ya Louis Tornatzky na Mitchell Fleischer ya mwaka 1990, inayoangalia teknolojia, taasisi na mazingira yake. Ila nazo zimeishia kwenye dodoso; meneja mmoja anajaza kwa niaba ya watu wote wa kampuni, naye ndiye aliyesaini hundi.

Kwamba kujisemea hakutoshi tumekwisha kuonyeshwa. Mwaka 1995 Detmar Straub na wenzake walilinganisha matumizi ya mfumo wa ujumbe wa sauti yaliyorekodiwa na kompyuta na yale ambayo watu walisema wenyewe, wakakuta uhusiano wake ni dhaifu. Mwaka 2010 Mark Turner na wenzake walipitia tafiti zilizokuwapo, wakakuta kwamba modeli ya Davis inatabiri nia vizuri kuliko inavyotabiri matumizi yaliyopimwa kwa mashine. Na David Gefen na Kai Larsen, mwaka 2017, walifanya jambo ambalo lingetakiwa kututoa usingizini. Waliyapitisha maneno ya maswali yenyewe kwenye programu inayopima ukaribu wa maana, na sehemu ya uhusiano ambao sisi huuita matokeo ikajitokeza humo. Kwa hiyo ukimuuliza mtu kama mfumo unamharakishia kazi, kisha ukamuuliza kama una manufaa kazini, umeuliza swali lile lile mara mbili na kushangilia kwamba majibu yamelingana.

Kwa nini basi tunaendelea? Kwa sababu inalipa. Vyuo vingi duniani huhesabu makala ili kumpandisha mtu cheo, na vingine humtaka mwanafunzi wa uzamivu awe amechapisha kabla ya kuhitimu. Dodoso linasambazwa kwa kiungo cha mtandaoni, majibu yanarudi ndani ya wiki, programu inachora mishale yenyewe, alfa ya Cronbach (kipimo cha kama maswali yanaafikiana) ikivuka 0.7 kila mtu anapumua. Kukaa mwaka mmoja kwenye kampuni moja kunatoa makala moja, ikiwezekana. Kisha mhakiki anakuja na swali lake pendwa: mchango wako kwenye nadharia ni upi? Kisanduku kipya kinajibu swali hilo kwa sentensi moja. Mhasibu na oda zake za tarehe za nyuma hajibu chochote. Ataambiwa ni kisa cha ofisi moja.

Halafu kuna ukimya wa walioshindwa. Robert Rosenthal alishaieleza mwaka 1979 shida ya matokeo yasiyopendeza kuishia kwenye droo. Kwetu sisi ni mbaya zaidi, kwa kuwa kampuni iliyonunua mfumo na kuutelekeza haina hamu ya kuhojiwa, na mtafiti aliyekuta mishale yake yote haina uzito hana jarida la kuipeleka. Msomaji anayetaka kujua ni nini huvunja miradi ya TEHAMA kwenye biashara anakutana na rafu iliyojaa mafanikio.

Soko la uchapishaji nalo limenusa harufu. Mwaka 2013 John Bohannon wa jarida la Science alituma makala ya uongo, yenye makosa ya makusudi, kwa majarida 304 ya ufikiaji huria, yaani yanayosomwa bila malipo; 157 yaliikubali. Mwaka 2023 makala zaidi ya 8,000 za Hindawi, kampuni ya majarida ambayo mchapishaji mkubwa Wiley alikuwa ameinunua miaka miwili kabla, zilibatilishwa. Visa hivyo vinagusa sayansi kwa upana wake, lakini nikivisoma nawaza fani yetu. Makala ambayo kiunzi chake hakibadiliki ndiyo rahisi kughushi kuliko zote. Data za dodoso mtu anaweza kuzibuni jioni moja, na mhakiki hana pa kuzikagua, maana hakuna mashine iliyorekodi lolote.

Sisemi dodoso litupwe. Kabla kampuni haijanunua, wakati bado kuna uchaguzi, kuwauliza watakaoutumia mfumo ni busara, na ingekuwa vizuri wakubwa wangefanya hivyo mara nyingi zaidi. Ninachokipinga ni kuliacha dodoso lisimame peke yake kama ushahidi wa kupokelewa.

Wahariri wangeweza kubadilisha hali hii haraka kuliko mtu yeyote. Watangaze kwamba makala ya kupokelewa kwa teknolojia isiyo na kipimo cha matumizi, au angalau ufuatiliaji wa mwaka mmoja baada ya mfumo kuingia, haitatumwa kwa wahakiki. Watenge kurasa za mifumo iliyoachwa. Wakubali utaratibu ambao jarida la Cortex liliuanzisha mwaka 2013, wa kuhakiki mpango wa utafiti kabla data hazijakusanywa na kuahidi kuchapisha matokeo vyovyote yatakavyotoka. Vyuo navyo vinaweza kuanza kwa kutekeleza tamko la San Francisco la 2012, ambalo linawataka wasimpime mtafiti kwa umaarufu wa jarida alimochapisha. Vingi vimelisaini, na kamati za kupandisha vyeo zinaendelea kuhesabu.

Wanafunzi wananijibu kwamba muda hautoshi na ofisi moja haithibitishi kitu. Huwa nawapa makala ya Lynne Markus ya mwaka 1983. Kampuni moja, mfumo mmoja wa taarifa za fedha, na wahasibu wa matawi walioukataa na kuendelea na vitabu vyao vya zamani. Markus hakuwauliza nia yao. Aliangalia nani alikuwa na data kabla ya mfumo na nani alikuwa nazo baada yake, akaona kwamba mfumo umehamisha madaraka kutoka kwa wahasibu wa matawi kwenda kwa wale wa makao makuu. Miaka zaidi ya 40 baadaye, bado inaeleza ofisi ninazozijua.

Na kuhusu kumbukumbu za mfumo, wanasema kampuni hazitazitoa. Baadhi hazitatoa kweli. Lakini muombe meneja majina yafutwe, zibaki tarehe, saa na aina ya kazi iliyofanyika. Muahidi kwamba yeye ataona matokeo kwanza. Wengi niliowasikia wakikataa walikuwa wameombwa data zote kwa barua ya mistari mitatu. Safu mbili za tarehe ni ombi dogo, na meneja mwenyewe mara nyingi hajawahi kuziangalia.