Anayemhudumia Mkimbizi Naye Anahudumiwa na Nani?

Michango ya kambi za wakimbizi inapokusanywa Mombasa, hasa Ramadhani inapokaribia, mchangaji huwa na mlengwa mmoja tu akilini mwake: familia yenye njaa. Tende, sukari, unga wa ngano, mikeka na khanga hupakiwa kwa nia hiyo, na nia hiyo haina kasoro. Ugomvi huanza pale mtu anapopendekeza kwamba sehemu ndogo ya mchango itengwe kwa ajili ya wale wanaohudumu huko kambini: mkunga, mwalimu, mkalimani wa zahanati, kijana anayejitolea kupanga foleni siku ya mgao, au dereva aliyevifikisha vitu vyenyewe. Hapo baraza hugawanyika. Wapo wanaosema kwamba hao wana waajiri wao, na kumtunza mfanyakazi kwa fedha ya sadaka ni kumpunguzia mwenye njaa haki yake. Wapo pia wanaosema, kwa ukali zaidi, kwamba chai na barua za shukrani ni pazia la kufunikia malipo duni. Hoja zote mbili zina uzito, na ya pili inaizidi ya kwanza. Lakini naona kwamba zote zinamchora mfanyakazi wa kambini ambaye wengi wetu hatujapata kumtazama vizuri.

Picha iliyozoeleka ni ya mgeni kutoka nchi ya mbali, aliyevaa fulana yenye nembo, akishuka kwenye gari jeupe lenye antena ndefu. Mgeni huyo yupo, ila si yeye anayeibeba kambi. Tangu Dadaab ilipofunguliwa mwaka 1991 na Kakuma mwaka 1992, kazi za kila siku zimekuwa mikononi mwa Wakenya wa kada za chini na, kwa idadi kubwa zaidi, mikononi mwa wakimbizi wenyewe. Wao ndio wanaofundisha, wanaopima uzito wa watoto, wanaotafsiri maneno ya mgonjwa, wanaotembea mlango kwa mlango kuuliza nani ana homa na nani hajachanjwa. Malipo yao hayaitwi mshahara. Ni posho, au insentivu kama wanavyosema wenyewe, na kima chake hupangwa kwa makubaliano ya mashirika bila kujali sana elimu ya mtu wala uzoefu wake. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilitambua haki ya mkimbizi kufanya kazi, lakini kibali cha kazi cha daraja M, yaani kile kinachotolewa kwa wakimbizi, kimebaki kuwa kitu adimu, na hivyo mwalimu Mkenya na mwalimu mkimbizi huweza kufundisha madarasa yaliyopakana, kwa mtaala mmoja, mmoja akilipwa mshahara na wa pili akipewa posho ambayo ni sehemu ndogo tu ya mshahara huo. Hali kama hiyo ipo pia Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambako Wakongomani wamekaa tangu mwaka 1996.

Ukilitazama hilo kwa makini, hoja ya kwanza inalegea yenyewe. Hakuna mstari mnyoofu unaomtenga mwenye njaa na anayemhudumia, kwa kuwa mara nyingi ni mtu yule yule. Mgao wa chakula katika kambi za Kenya ulipopunguzwa mwaka 2025, baada ya ufadhili wa Marekani kukatwa, na kushuka hata chini ya theluthi moja ya kiwango kinachohitajika, mhudumu wa afya wa jamii aliyekuwa akiwaandika watoto waliokonda alirudi nyumbani kwake jioni kukuta mgao ule ule uliokatwa. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya majirani kueleza uamuzi uliofanywa mbali na kambi, na yeye ndiye aliyepokea hasira zao. Zaidi ya hayo, wanaotetea kwamba sadaka isimfikie mtumishi wangeikumbuka aya ya 60 ya Sura At-Tawba, inayotaja makundi manane ya wanaostahiki zaka, na baada ya mafukara na masikini ikawataja wanaoitumikia. Sitaki kuivuta aya hiyo mahali isipofika, kwani inawahusu wanaoikusanya na kuigawa zaka, si kila mtu anayefanya kazi penye wahitaji. Hata hivyo inaonyesha kwamba wazo la kumkumbuka mhudumu pamoja na mhudumiwa si uzushi wa siku hizi.

Hoja ya pili ni nzito, na haifai kupitwa kwa haraka. Wanaoitetea wanasema kwamba ukarimu ni jambo jema mpaka pale unapomfaa mwajiri. Shirika lisiloongeza posho kwa miaka mingi huweza kuandaa hafla ya kuwashukuru wahudumu wake, likagawa vyeti na soda, na kila mtu akarudi nyumbani akihisi kwamba deni limelipwa. Kuna na suala la usalama. Oktoba 2011 wafanyakazi wawili wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, raia wa Hispania, walitekwa huko Dadaab, na dereva wao Mkenya akajeruhiwa kwa risasi; Juni 2012 msafara wa shirika jingine ulishambuliwa kambini humo humo, wafanyakazi wanne wakatekwa na dereva Mkenya akauawa. Kwa mambo ya namna hii, birika la chai halina msaada wowote. Anayedai mkataba, bima na ulinzi kabla ya kuzungumzia hisani anadai kilicho chake, na ningetia saini yangu chini ya madai hayo bila kusita.

Ninapoachana nao ni pale wanapodhani kwamba vitu hivi viwili vinagombania nafasi moja. Madai ya posho yanapelekwa kwenye mikutano ya wafadhili na ofisi za serikali, na safari yake huchukua miaka. Katika miaka hiyo kuna usiku mmoja mmoja wa kupitisha, na mtu huchoka usiku, si katika ripoti ya mwaka. Tochi aliyopewa mkunga anayepita vichochoroni saa nane, kifurushi cha bando kwa mkalimani anayetumia simu yake mwenyewe kuwasiliana na wagonjwa, mwavuli kwa kijana anayesimama foleni ya mgao tangu alfajiri katika jua la Turkana, mwenzake Mkristo anayeshika zamu yake siku ya Idi ili naye aishike ya mwenziwe siku ya Krismasi, rambirambi inayofika kwa wakati kwa mwalimu aliyefiwa na mama yake upande wa pili wa mpaka asioweza kuuvuka: haya hayaongezi hata senti kwenye posho, na hakuna anayedai kwamba yanaongeza. Yanachofanya ni kumwonyesha mtu huyo kwamba kuna aliyemwona akifanya kazi.

Na kuonwa huku kuna matokeo ambayo, kwa maoni yangu, wakosoaji hawajayapima. Mhudumu wa kujitolea haandiki barua ya kuacha kazi. Hana notisi ya mwezi, hana mafao ya kudai, hana meneja wa kumuuliza sababu. Huacha kuja tu. Juma la kwanza husemwa anaumwa, juma la pili husemwa ana shughuli, na mwezi ukiisha jina lake limeshafutwa na jingine limeandikwa. Kwenye takwimu za shirika hakuna kilichobadilika, kwa sababu nafasi imejazwa. Kilichopotea hakina safu katika jedwali. Chukua mkalimani wa zahanati ya Kakuma, kambi yenye watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na mataifa mengine mengi. Miaka yake minne ya kazi si miaka ya kujua maneno tu. Ni miaka ya kuaminiwa. Kina mama wanajua kwamba lililosemwa mbele yake halitoki. Anajua kwamba mzee fulani akisema anaumwa kichwa ana maana ya huzuni, na kwamba msichana fulani hatasema lolote mpaka shangazi yake atoke chumbani. Akiondoka, anayeshika nafasi yake anaweza kuzijua lugha zote vilevile, lakini huenda ni jirani wa mgonjwa, au ni wa ukoo ambao mgonjwa hauamini, na basi mgonjwa atajibu kwamba hajambo na kurudi nyumbani na ugonjwa wake. Daktari ataandika kwamba amemwona. Dawa haitatolewa kwa sababu hakuna aliyesema kilichohitaji dawa.

Shuleni ni vivyo hivyo. Katika madarasa ya kambini, ambayo mara nyingi yana wanafunzi zaidi ya mia moja, mwalimu aliyekaa muda mrefu ndiye anayejua nani ameacha kuja kwa sababu ya njaa na nani kwa sababu anaandaliwa kuolewa. Akichoka akaenda kuuza vocha sokoni, na sokoni huenda akapata zaidi ya posho yake, elimu hiyo yote huenda naye. Sisemi kwamba fulana na kikombe cha chai vingemzuia. Wengi wanaondoka kwa sababu za kipato, na wengine, kwa bahati njema, wanaondoka kwa sababu wamepata makazi katika nchi ya tatu. Lakini wapo wanaoondoka wakiwa bado wanaweza kubaki, na ukiwasikiliza hawatangulizi fedha. Wanatangulia kusema kwamba hakuna aliyejali. Hao ndio ninaowazungumzia. Hata miongozo ya kimataifa ya mwaka 2007 kuhusu afya ya akili katika dharura iliweka sehemu maalumu juu ya kuwatunza wafanyakazi na wanaojitolea, kwa pamoja, bila kuwatenga wasio na mkataba.

Pingamizi moja limebaki, na hili husemwa zaidi na watu walioijua kambi kwa ndani: zawadi kwa mfanyakazi ni mlango wa rushwa. Historia inawaunga mkono. Mwaka 2001 uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulifichua mtandao wa watu waliokuwa wakiwatoza wakimbizi fedha nyingi jijini Nairobi ili wapangiwe makazi ng'ambo, huduma ambayo ni ya bure. Ndiyo maana kanuni za maadili za mashirika mengi zinamzuia mfanyakazi kupokea zawadi kutoka kwa anayemhudumia, na mama anayemletea karani wa usajili kuku wake mmoja hurudishwa naye, hata kama alimleta kwa moyo safi. Kanuni hiyo ni sahihi na isiguswe. Ila tuangalie inazuia nini. Inazuia zawadi inayotoka kwa mnyonge kwenda kwa mwenye kalamu. Haizuii wema unaokwenda upande mwingine au unaotoka nje kabisa: wa msimamizi kwa mhudumu wake, wa mhudumu kwa mwenzake, wa mji wa pwani kwa shule ya kambini ambayo haina cha kuulipa. Kuyachanganya haya ni kumnyima mkunga tochi kwa kosa la karani.

Mombasa ina sababu yake ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kambi zilikuwa hapa hapa, Utange, Benadir, Swaleh Nguru, na Marafa huko Malindi, zikiwapokea Wasomali waliokuja kwa majahazi, wakiwemo Wabarawa wenye lugha iliyo ndugu ya Kiswahili, kabla hazijafungwa na wakazi wake wengi kuhamishiwa Kakuma na Dadaab. Mazungumzo ya mji kuhusu zama zile huwataja wakimbizi, na huwataja wafadhili; waliochota maji, waliofundisha watoto chini ya miti na waliowapeleka wajawazito hospitalini hutajwa mara chache. Leo kambi ziko mbali, ila chakula chake bado kinapita mlangoni kwetu. Mtama, dengu za njano na mafuta ya kupikia hushushwa bandarini na makuli wa Mombasa, vikapakiwa na vijana wa Mombasa, vikaendeshwa na madereva ambao wengi wana wake na watoto Changamwe, Miritini na Jomvu. Kutoka hapa hadi Kakuma ni zaidi ya kilomita elfu moja, na barabara za kaskazini zina majambazi na mafuriko kwa zamu. Sijawahi kusikia dua ya msikitini ikimtaja dereva huyo. Yeye pia ni mfanyakazi wa wakimbizi, ingawa hana fulana yenye nembo.

Kwa hiyo pendekezo la kutenga sehemu ya mchango ninaliunga mkono, kwa masharti ambayo wakosoaji wenyewe wametufundisha. Kinachotolewa kipitie kwenye kundi, si mkononi mwa mtu mmoja: sanduku la chai na sukari kwa chumba cha walimu, tochi kwa wakunga wote wa zahanati, bila kumwacha wala kumpendelea yeyote. Uongozi wa kambi uarifiwe mapema, na kamera ibaki nyumbani. Wasihesabiwe humo wale wanaoandika majina ya mgao au ya safari za ng'ambo, hata wakiwa waadilifu kiasi gani, kwani kwao zawadi huzaa shaka. Wala risala ya shukrani isisomwe mbele ya shirika linalowalipa, lisije likaifanya hesabu yake. Kisha orodha ya vitu isitungwe Mombasa na watu waliokaa barazani, ambao wangetuma khanga mahali palipohitajika betri. Waulizwe wahudumu wenyewe, kila mmoja kuhusu mwenzake, kwa kuwa wao ndio wanaojua ni nani aliyefiwa mwezi huu, ni nani anayetembea usiku bila taa, na ni nani hajapumzika tangu Idi iliyopita.