Njia ya Baiskeli Rondo: Nani Ampishe Nani?

Wazo ninalotaka kulipima hapa ni la kutenga, ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Rondo mkoani Lindi na katika vilima vinavyoizunguka, njia ndefu ya baiskeli ambayo haipitwi na gari wala pikipiki, ili msafiri aweze kuzunguka siku mbili tatu akiwa na mizigo yake kwenye keria bila kusikia honi nyuma yake. Wanaolipenda wazo hili wana hoja nzito, na wanaolitilia shaka nao wana hoja nzito. Mimi nimelipenda kwa muda mrefu, lakini kadiri ninavyolitafakari ndivyo ninavyoona kwamba swali la kutangulia si la uzuri wa msitu. Ni swali la nani atakayetakiwa kumpisha mwenzake njiani.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mji wa Lindi uko usawa wa bahari. Uwanda wa juu wa Rondo, ulio magharibi yake, unapanda hadi karibu mita 900, na upande wa kusini bonde la Mto Lukuledi linautenganisha na uwanda wa Makonde, ambako Newala na Tandahimba zimekaa juu vivyo hivyo. Mwendesha baiskeli hupimia safari kwa mwinuko kuliko anavyopimia kwa kilomita. Anayetaka kupanda mita 500 kwa njia inayoinuka mita mbili katika kila mia atahitaji kilomita 25. Kwa njia inayoinuka mita nane katika kila mia atafika kwa kilomita sita na kidogo. Kazi ya kuinua mwili, chuma na mizigo ni ileile, ila njia ya kwanza mtu wa kawaida ataimaliza akiwa ameketi, na ya pili wengi wetu tutaimaliza tukikokota baiskeli kwa miguu, hasa pale mchanga unapomeza tairi. Aliyewahi kupanda miinuko hii na baiskeli nzito isiyo na gia, gunia likiwa nyuma, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Mfano unaotajwa mara nyingi na wapenzi wa wazo hili ni wa Ulaya, nao ni mfano mzuri endapo utasomwa wote. Njia ya Vennbahn inatoka Aachen nchini Ujerumani, inapita Ubelgiji, na inaishia Troisvierges katika Luxemburg, jumla ya kilomita 125, sehemu yake kubwa ikiwa kandokando ya hifadhi ya mazingira yenye vilima, misitu na nyanda za majimaji. Pamoja na vilima vyote hivyo, njia hiyo mara chache huzidi mwinuko wa mita mbili katika kila mia, na sababu ni kwamba ilijengwa kwa ajili ya treni za makaa ya mawe na madini ya chuma mwishoni mwa karne ya 19. Treni ilipokufa, tuta lake lilibaki, likawekwa lami, likakabidhiwa baiskeli. Uingereza ilifanya jambo la namna hiyo katika hifadhi ya Peak District, ambako reli iliyofungwa mwaka 1968 iligeuzwa kuwa njia ya Monsal, na mahandaki yake yakafunguliwa kwa baiskeli mwaka 2011.

Katika simulizi hizo kuna jambo ambalo wapenzi wa wazo hulipita haraka. Hakuna mkulima wa Ubelgiji aliyenyang'anywa barabara ili Vennbahn ipatikane. Ilitwaliwa njia ambayo ilikuwa imekwisha kufa. Ukija Rondo na kusema njia za msituni zifungwe kwa vyombo vya moto, unagusa njia zilizo hai. Bodaboda ndiyo inayompeleka mama mjamzito hospitali usiku, ndiyo inayoshusha korosho hadi ghala la chama cha msingi msimu unapofunguliwa Oktoba, na ndiyo inayowaingizia kipato vijana ambao hawakupata ajira nyingine. Kumwambia mtu wa aina hiyo azunguke mbali ili mgeni asisumbuliwe na mlio wa injini ni dhuluma, hata kama kibao kilichowekwa kinazungumzia mazingira. Hapa wapinzani wako sahihi kabisa, na sioni jibu la kuwatosheleza isipokuwa kuacha kuzigusa njia wanazozitumia.

Lakini kusini nako kuna njia zilizokufa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya vituo vyake, na kwa ajili yake wakajenga reli kutoka Mkwaya, kwenye hori ya Lindi, kuelekea Nachingwea. Baadaye reli hiyo ikaunganishwa na Mtwara, ambako bandari ya kina kirefu ilifunguliwa mwaka 1954. Mradi wa karanga ulikuwa umeshaanguka mwaka 1951. Reli ikaendelea kwa hasara hadi ilipofungwa mwaka 1962, na baadaye vyuma vyake vikang'olewa. Kilichoondoka ni vyuma. Ule ulaini wa mwinuko uliochongwa na wahandisi kwa ajili ya garimoshi hauondoki pamoja navyo. Panapokuwa na tuta lisilolimwa wala kujengewa nyumba, pana njia ya baiskeli ambayo gharama yake kubwa, yaani kukata ardhi, ililipwa zaidi ya miaka 70 iliyopita. Palipokwisha kupandwa mikorosho, basi pana mwenyewe, na njia izunguke hapo badala ya kumwondoa yeye.

Juu ya uwanda nako kuna kumbukumbu ya pili ya namna hiyo. Rondo ilivunwa sana mvule katika miaka ya 1940 na 1950, na magogo hayatoki msituni bila barabara. Njia kuukuu za magogo ambazo hazitumiki tena ndizo zinazofaa kufikiriwa kwanza, kwa sababu kupasua njia mpya katika msitu huu ni kosa ambalo siwezi kulitetea kwa faida yoyote ya utalii.

Nasema hivyo kwa sababu ya komba. Komba mdogo wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 hivi na mkia wenye manyoya kama brashi ya kusafishia chupa, alitambuliwa kisayansi katika miaka ya 1990 na amebaki katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania, vikiwemo Rondo na Litipo. Watetezi wa baiskeli husema, na husema kweli, kwamba mpita njia wa mchana asiye na injini humsumbua mnyama huyo kidogo sana akilinganishwa na msumeno au mkaa. Lakini komba husafiri kwa kuruka kutoka mti hadi mti, na njia pana inayotenganisha matawi ya pande mbili humkatia barabara yake. Njia ya baiskeli inayostahili kuitwa rafiki wa msitu ni ile nyembamba, ambayo majani hukutana juu ya kichwa cha mpanda baiskeli, na ambayo hufungwa jua linapozama.

Hoja ya udongo nayo isidharauliwe. Baiskeli ni nyepesi, lakini kwenye mteremko mkali mwendeshaji anayekaba breki hukwaruza ardhi, mikwaruzo huwa mfereji, na mvua za Desemba hadi Aprili hufanya mfereji kuwa korongo. Tiba yake ni ya kale na ya bei nafuu: matuta madogo ya kukatiza maji, njia inayopinda badala ya kushuka moja kwa moja, na kuifunga miezi ya masika. Kwa hiyo msimu wenyewe ni mfupi, Juni hadi Oktoba, na yeyote anayefanya hesabu za mapato auweke ukweli huo mezani.

Kuhusu mapato, mimi ni mwangalifu kuliko wengi. Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi ni kilomita zipatazo 450, na Mei 2024 tuliona jinsi mvua zilizofuatana na kimbunga Hidaya zilivyokata barabara hiyo eneo la Somanga na kutuacha kando ya nchi kwa siku kadhaa. Kijiji kinachoacha shamba ili kisubiri wageni kinajiweka hatarini. Hata hivyo msafiri wa baiskeli ana tabia moja inayomtofautisha na yule wa gari la kitalii: hawezi kupita kijiji bila kusimama. Anahitaji maji, wali, mahali pa kulala, na fundi wa kuziba tyubu. Fedha yake ni ndogo lakini hudondoka kila baada ya kilomita 20, mikononi mwa mama lishe na fundi wa chini ya mwembe, bila kupitia ofisi yoyote. Akiongeza siku ya kwenda Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913 na kuipeleka Berlin, vijiji vya njiani vinafaidika vilevile.

Kwa hiyo nauunga mkono mpango huu kwa sharti ambalo si dogo. Watu wa kwanza wa njia hiyo wawe wale ambao tayari wanaendesha baiskeli bila kuitwa watalii: anayebeba madumu manne ya maji, kilo 80 hizo, anayepeleka mihogo mnadani, mwanafunzi anayekwenda shule mbali na kwao. Mwinuko laini wa tuta la reli utamfaa yeye kila siku ya mwaka, kuliko utakavyomfaa mgeni wa wiki moja ya Julai. Wakala wa Huduma za Misitu, unaosimamia hifadhi, unaweza kumtoza mgeni ada ya kuingia msituni na kuajiri vijana wa Chiponda na Mnara kutunza matuta ya maji na kuongoza safari. Mwenyeji mwenye dumu asitozwe chochote, na asiulizwe kibali.

Kazi ya kwanza haihitaji hata katapila. Ni kutembea. Wazee wanaokumbuka reli ilipopita, fundi mwenye kipimo cha mwinuko, na wenyeviti wa vijiji wapite kwenye tuta hilo kipande kwa kipande, waandike palipo wazi, palipolimwa, na daraja lipi lilianguka, kabla mtu yeyote hajachora ramani ya kuwaonyesha wageni.