Mto Mara Upimwe Alfajiri, Si Saa Sita Mchana

Kila samaki wakielea Mto Mara, tunaambiwa ni kinyesi na mjadala unafungwa. Inaudhi. Machi 2022 maji yalipogeuka meusi upande wa Tanzania, kamati ya serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Haya, vitu hivyo huua samaki, sibishi. Swali ni kwa nini mto ushindwe kuvibeba.

Tazameni viboko. Wanakadiriwa kuwa 4,000 hivi. Usiku hula nyasi nchi kavu, mchana hunya majini. Mto ukiwa na nguvu, kinyesi husombwa kidogo kidogo. Maji yakipungua, hutuama chini ya vidimbwi, bakteria hukiozesha na kumaliza oksijeni, amonia inajikusanya. Mvua ikipiga ghafla huko juu, mkondo huzoa uchafu wote kwa mpigo, na samaki walio mbele kuelekea mkondo unakoshuka hukosa pumzi. Kwa hiyo anayefyeka msitu wa Mau huko Kenya, mto unakoanzia, na anayevuta maji kwa pampu kiangazi, anaharibu ubora wa maji hata kama hajamwaga tone la sumu!

Ndiyo maana sampuli ya saa sita mchana haitoshi. Jua likiwaka, mwani hutoa oksijeni, usiku huitumia. Kiwango cha chini kabisa hupatikana kabla ya mapambazuko, basi pimeni saa hiyo. Kipimo kizamishwe mtoni penyewe, kwani maji yakimiminwa kwenye ndoo huongezeka hewa. Kuanzia miligramu 5 za oksijeni kwa lita samaki wengi huishi vizuri. Chini ya 2 wengi hufa. Andikeni na kina cha mto palepale, la sivyo hamtajua kama tatizo ni uchafu kuzidi au maji kupungua. Kisha rudieni kupima mafuriko ya kwanza yakifika, upande wa juu wa mto na upande wa chini kutoka vidimbwi vya viboko.

Kambi za watalii nazo zisafishe mitego ya mafuta ya jikoni, na tangi la maji taka linyonywe kabla tope halijafika theluthi. Huu ndio mto pekee usiokauka kaskazini mwa Serengeti. Nyumbu hawana pengine pa kunywa kiangazi kikikaza, na mgeni huja kwa ajili ya nyumbu hao.

Bomet ya Kenya na Tarime ya Tanzania zinategemea mto uleule. Vipimo vyao viwekwe kwenye jedwali moja, pamoja na saa na kina.